Kanuni ya Tisa

Siku tuliyomzika kaka yangu Ramadhani, msemaji wa msiba alisimama uani akasema kwamba marehemu alikuwa bingwa wa bao wa mkoa mzima wa Tabora, na kwamba ubingwa ule aliupata kwa haki, mchana kweupe, mbele ya umati wa watu. Mimi nilikuwa upande wa wanawake, nyuma ya kanga mbili zilizofungwa kwenye kamba, nimeshika birika la chai. Wanaume wakasema Mungu amrehemu, na mimi nikasema hivyo hivyo, kwa sababu nilimpenda kaka yangu na bado nampenda. Lakini niliimimina chai mpaka ikafurika kwenye sinia, na wifi yangu Tatu, mjane wake, akanishika bega akidhani ni huzuni. Haikuwa huzuni. Huzuni naijua, nimezika wengi. Ilikuwa hasira, na hasira hiyo nimeishi nayo karibu miaka hamsini bila kumwambia mtu, kwa kuwa sehemu kubwa yake ni yangu mwenyewe. Nilichungulia pembeni ya kanga nikamwona mzee mmoja mwembamba, koti la kijivu, kofia ameiweka mapajani, amekaa kwenye benchi kwa sababu magoti yake hayamruhusu tena kukaa mkekani. Alikuwa Melkiori wa Ulyankulu. Alikuwa ametoka kwake alfajiri kuja kumzika mtu aliyemshinda, na sifa zile zote alizisikiliza bila kugeuza uso.

Sikusoma sana. Nilimaliza darasa la saba, nikajifunza kupiga taipu kwa masista miezi sita, basi. Kwa hiyo nitaandika kama ninavyokumbuka, na pale nilipokosea mimi nitasema ni mimi. Ulikuwa mwaka wa Operesheni Vijiji, mwaka wa ukame, tulipokula unga wa njano mpaka watoto wakadhani ugali umezaliwa na rangi ile. Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Nilipata kazi ya upigaji taipu kwenye klabu ya bao ya mjini, ambayo siku hizi haipo na jina lake sina haja ya kulifufua. Klabu ilipewa chumba katika nyumba ya kale ya mfanyabiashara wa misafara, nyumba ya kuta nene za udongo ambazo hata jua la Oktoba halikuzipasha. Mbele kulikuwa na baraza la kuchezea. Nyuma yake chumba changu, chenye meza, taipu, na mashine ya kudurufu iliyotia wino mwingi kuliko ulivyohitajika. Ndani zaidi, palipowekwa pembe za ndovu zamani, wazee wa kamati walikaa juu ya magunia matupu na madebe ya asali wakafanya mikutano yao. Kati yangu na wao palikuwa na ubao mwembamba wa mninga usiofika juu. Nilisikia kila neno, na walijua ninasikia. Hawakujali. Mtu anayepiga taipu ni kama sehemu ya taipu.

Kanuni za mashindano ziliandikwa mwezi wa Januari, na nataka ieleweke kwamba ziliandikwa kwa nia njema. Nilikuwapo. Shida ilikuwa kwamba mkoa wetu haukuwa na bao moja. Watu wa mjini, hasa familia za Kiislamu zilizokaa hapa tangu enzi za misafara, walicheza bao la nyumba kama linavyochezwa pwani: kete sita kwenye shimo kuu liitwalo nyumba, mbilimbili pembeni, nyingine mkononi unazinamua, unaziingiza ubaoni moja moja. Wakulima wa Nzega na Igunga walizipanga zote ubaoni mbilimbili kila shimo, wakaanza kutwangana. Na watu wa upande wa Bukoba waliokuja na kazi za reli walikuwa na mchezo wao, ambao kila mtu anazichukua kete zake thelathini na mbili anazipanga mashimoni anavyotaka mwenyewe. Mwenyekiti, Mzee Sefu, fundi seremala aliyechonga nusu ya mabao ya mjini, hakuupenda huo wa tatu. Lakini katibu, Ndugu Kiondo, alisimama akasema kwa sauti ya mkutano wa hadhara, "Ndugu zangu, hili ni taifa moja. Hatuwezi kumwambia Mtanzania njoo ucheze, halafu tumwambie ucheze kama mimi." Wakapiga makofi. Nikapiga taipu kanuni nane. Ya nne ilisema hivi: aliyekosa kura ya kuanza ndiye atakayechagua mpango wa kete, wa nyumba, wa mbilimbili au wa kujipangia, na mipango yote mitatu ni halali hadi mwisho wa mashindano. Mshindi angepelekwa Kigoma kwa gari moshi, kuuwakilisha mkoa kwenye mashindano ya kanda. Niliipenda karatasi ile. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza isiyo na kosa hata moja.

Melkiori alikuja mwezi wa Machi na kibali cha siku tatu kutoka kwa mkuu wa makazi ya wakimbizi. Alikuwa amevuka kutoka Burundi wakati wa mauaji, akapelekwa Ulyankulu na wenzake kufyeka pori. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwao, labda miaka thelathini, Kiswahili chake cha polepole, kila neno amelipima kwanza. Alikaa kwenye kiti mbele ya meza yangu akisubiri kuandikishwa, na kwa kuwa ilikuwa saa saba nilimkaribisha chakula changu, michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, niliyoichemsha na karanga. Alinawa mikono akala kwa adabu. Kisha akaniomba karatasi ya kanuni, akaisoma yote, akafuata mistari kwa kidole kama anavyowafundisha watoto.

"Dada, hii ya nne. Naweza kujipangia kweli?"

"Unaweza. Imeandikwa."

"Na haitabadilika?"

Nilicheka. "Kaka, hiyo imepigwa taipu. Itabadilikaje?"

Akacheka na yeye. Halafu, bila mimi kumuuliza, akaniambia anachokitaka Kigoma. Mke wake Spesioza walipotezana usiku wa kukimbia, na mtu mmoja aliyefika Ulyankulu mwezi uliopita alisema alimwona Kigoma, kwenye kituo cha mapadre cha kupokea wakimbizi, mwanamke mfupi mwenye jino la mbele lililovunjika nusu. Alikuwa ameomba kibali cha kwenda Kigoma mara mbili. Mara zote aliambiwa asubiri. "Lakini nikiwa mshindi," alisema, "nitakwenda na barua ya klabu. Hakuna wa kunizuia." Alilisema hilo huku akikusanya maganda ya karanga kwenye kiganja, asiache hata moja mezani kwangu.

Mpango wake watu waliuita Kambi. Kila alipopata haki ya kuchagua, alijipangia, na alipanga vilevile siku zote: kete kumi na tano kwenye shimo la pembeni kabisa la safu ya nyuma, kushoto; kumi na tano nyingine kulia; na mbele, kwenye vichwa viwili, mashimo ya mwisho ya kushoto na kulia, kete moja moja. Safu yote nyingine tupu. Ukiitazama unasema mtu huyu amejinyonga, kwa maana ukizila zile mbili za mbele mchezo umekwisha. Lakini kuzila zote mbili kwa zamu moja ni kazi, na ukishindwa, yeye huinua rundo moja, huzungusha kete kumi na tano shimo kwa shimo, na ya mwisho huangukia kichwa kilekile chenye kete moja, anakula, na baraza lote linajaa sauti ya kete zake. Kumi na tano si kumi na sita. Hata wazee wanajua shimo lenye kete kumi na sita haliruhusiwi kuanzia kula. Alikuwa ameihesabu sheria yetu kuliko sisi wenyewe. Raundi ya kwanza alicheza na fundi mmoja wa reli, mtu wa maneno mengi, aliyeangalia ule mpango akawageukia watazamaji.

"Huyu anacheza au ameweka akiba?"

"Ameweka stoo," mmoja akajibu. "Ukame huu, usimlaumu."

"Ndugu, wenzako tunapanda, wewe unarundika!"

Melkiori alitabasamu tu. Mchezo haukuchukua dakika kumi. Fundi wa reli alibaki anakitazama kichwa chake kitupu, kisha akamshika mkono kwa mikono miwili, akasema, "Nimekufa na nimeona nilivyouawa. Nifundishe." Siku ile walicheza mpaka adhuhuri bila kuhesabu mshindi, na nadhani ilikuwa siku bora kuliko zote katika baraza lile. Mwezi wa Mei akarudi, akamshinda mtu wa Igunga. Mwezi wa Agosti akarudi tena, akaingia fainali. Sasa watu hawakucheka. Walisema, "Funga mlango, Kambi inaingia," lakini wakisema huku wanatafuta mahali pa kukaa karibu. Katika safari hizo nilimwona akijifunza mpango wa nyumba peke yake, kete mkononi, midomo ikihesabu, kwa kuwa alijua kwamba akipata kura ya kuanza mpinzani ndiye atakayechagua.

Na upande wa pili wa fainali alikuwa kaka yangu. Ramadhani alikuwa fundi cherehani, na tuliishi wote, yeye, wifi Tatu na mimi, katika vyumba viwili mtaa wa Ng'ambo. Chumba cha mbele kilikuwa cha cherehani na cha bao. Alikuwa mchezaji mzuri, sitamnyang'anya hilo, mzuri kuliko mtu yeyote wa mjini kwa mpango wa nyumba. Wiki ile ya fainali hakula vizuri. Wifi alipika mlenda, akaweka na kipande cha samaki aliyekuwa amemficha muda mrefu, na Rama akakaa akiumega ugali wa njano bila kuutia mdomoni. "Nimejaribu kila kitu," alisema. "Nimeipanga Kambi hapa sakafuni nikaishambulia kila upande. Atanishinda, Zuhura." Wifi akamwambia, "Basi akushinde, utakuwa wa kwanza?" Rama akamtazama kama amemtukana mama yake. Nakumbuka nilimwonea huruma. Naiandika huruma hiyo kwa sababu ndiyo iliyonifunga mdomo siku mbili baadaye.

Asubuhi ya fainali niliwahi ofisini kufagia. Wazee walikuwa wamekwishafika, wako kule ndani kwenye magunia. Mzee Sefu alikuwa anasema kwa uchungu wa kweli. "Bao ni nyumba. Ukiondoa nyumba umebaki na mbao yenye mashimo. Mimi nimechonga miaka arobaini, sikuchonga kwa ajili ya marundo." Hoja hiyo naiheshimu hata leo. Mtu ana haki ya kusema mpango fulani unaharibu mchezo na usichezwe. Lakini alikuwa na Januari yote ya kuisema, na hakuisema. Aliisema asubuhi ya fainali, wakati mtu aliyejipangia alikuwa amekwishashinda raundi tatu kwa kanuni aliyoipigia makofi Mzee Sefu mwenyewe. Kisha nikamsikia Ndugu Kiondo, yule wa taifa moja.

"Mzee, la nyumba ni lako. Mimi naangalia Kigoma. Tabora iwakilishwe na mkimbizi? Watatuuliza, kwenu hakuna wanaume?"

"Kanuni inasema hadi mwisho wa mashindano," mzee mwingine akasema.

"Kanuni ni karatasi. Dada Zuhura!"

Nikaenda. Kiondo alikuwa na kipande cha karatasi, amekwishaandika. Kanuni ya tisa: katika fainali utatumika mpango wa nyumba peke yake, na kujipangia ni marufuku. Kwenye ya nne tuondoe maneno ya mwisho. Na juu, akasema, weka tarehe ileile ya Januari. Nikamwuliza, "Ileile, Ndugu Katibu?" Akajibu, "Wewe unapiga taipu au unafanya mkutano?" Wazee wakacheka kidogo. Nikarudi mezani. Ilinichukua chini ya nusu saa kuipiga upya kwenye stensili, na sikukosea hata herufi. Nikaidurufu. Karatasi zilitoka mbichi, zimejaa wino, nikazitandaza kwenye magunia zipate hewa, lakini hapakuwa na muda. Akaniambia nizikusanye zile za zamani zote, ya ubao wa matangazo, za wachezaji zilizotunzwa ofisini, na niliyokuwa nayo kwenye droo, nikazichome jikoni. Ningependa sana kusema kwamba nilibakiza moja. Watu wanaosimulia mambo kama haya siku zote husema walibakiza moja. Mimi sikubakiza. Nilizichoma zote na nikachemshia chai ya kamati.

Baraza lilijaa mpaka barabarani. Melkiori alikuja na shati jeupe lililopigwa pasi, amelifunga mpaka kifungo cha juu. Kura ya kuanza ilimwangukia Rama, na watu wakanong'ona, kwa maana hiyo ilimpa Melkiori haki ya kuchagua. Akanyoosha mkono kuzikusanya kete. Ndugu Kiondo akamzuia.

"Ndugu, fainali ni nyumba peke yake. Kanuni ya tisa."

"Kanuni ni nane," Melkiori alisema.

"Tisa. Soma."

Akapewa karatasi. Aliisoma taratibu, kidole chini ya kila mstari, mpaka wa mwisho. Kisha akakitazama kidole chake, akakifuta kwenye suruali. "Hii haikuwapo," alisema. Hakupandisha sauti. Kiondo akatabasamu kwa umati. "Jamani, mgeni wetu anasema tumeghushi. Haya, yupo aliyeipiga. Dada Zuhura, kanuni ya tisa ilikuwapo au haikuwapo?"

Watu wote waligeuka. Nilimtazama Rama. Alikuwa ameinamia bao, anazihesabu kete zilizokwishahesabiwa, na nikajua kwamba anajua. Nilimtazama Melkiori, naye alikuwa ananitazama bila kuniomba kitu, kama mtu anayesubiri kuambiwa saa. Hakuna aliyenishika koo. Ningefukuzwa kazi, kaka yangu angeshindwa mchezo, na hayo ndiyo yote ambayo yangetokea.

Nikasema, "Ilikuwapo."

"Haya," alisema Melkiori. Akakaa.

Walicheza michezo mitatu. Wa kwanza Rama alishinda haraka. Wa pili, na hapa hata wapinzani wake walisimama, Melkiori alishinda, kwa mpango wa nyumba, mpango wa kwetu, aliojifunza kwa miezi michache akiwa peke yake baina ya siku za kufyeka pori. Wa tatu ukawa mrefu. Jua lilikuwa limeingia barazani na kete ziling'aa kwa jasho la mikono. Ikafika mahali Melkiori alipokula, kete yake ya mwisho ikaangukia kwenye nyumba yake iliyojaa, na ni haki ya mchezaji hapo kuchagua, alale, kete zibaki nyumbani, au asafiri nazo. Rama akamwuliza kama kanuni inavyotaka, "Unalala au unasafiri?" Mtu wa mjini aliyelelewa na bao la nyumba angelala bila kufikiri, nyumba huivunji mapema hivyo. Yeye alifikiri, midomo ikihesabu, akasema, "Nasafiri." Na mtu mmoja nyuma, sitamtaja, ameshakufa, akapaza sauti: "Mkimbizi na nyumba wapi na wapi!" Baraza zima likaangua kicheko. Wamo waliomlaki mwezi wa Machi, wamo waliomwomba awafundishe. Kicheko kile nakisikia mpaka leo. Kete zake zikatawanyika safu yote ya mbele, na kaka yangu, mkono wake mzuri usiotetemeka, akazila. Zamu nne baadaye mbele ya Melkiori hapakuwa na kitu.

Hakuondoka kwa hasira. Laiti angeondoka. Alingoja watu wapungue, akamfuata Rama chini ya baraza, nami nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la vikombe. Akamwambia habari za Spesioza, kama alivyoniambia mimi: mfupi, jino limevunjika nusu, kituo cha mapadre. Akamwandikia jina kwenye kipande cha karatasi. "Kaka, wewe sasa ndiye unayekwenda. Niulizie tu. Ukimpata mwambie niko Ulyankulu, niko hai." Rama alikikunja kile kipande akakitia mfuko wa shati. "Nitauliza," alisema. "Wallahi nitauliza."

Alikaa Kigoma siku tisa. Kule alitolewa raundi ya kwanza na mtu wa Kasulu, jambo ambalo msemaji wa msiba hakulitaja. Alirudi na samaki wa ziwani, migebuka mikavu, amefunga kwenye gazeti, na nyumba yetu ikanuka ziwa wiki nzima. Melkiori alikuwa ameomba kibali cha siku moja akaja kumsubiri. Alisimama kwenye chumba cha cherehani, hakutaka kukaa. Rama alikuwa anatia uzi kwenye sindano ya mashine, na uzi haukuingia.

"Niliuliza, ndugu yangu. Hayupo."

"Uliuliza nani?"

"Watu wa pale pale. Wanasema hawamjui. Labda..." Akaacha.

"Labda," Melkiori alisema. Akashukuru. Wifi Tatu akampa migebuka minne, akaipokea kwa mikono miwili. Kabla ya Krismasi tukasikia kwamba ameweka matanga kule Ulyankulu, padri akamsomea mke wake misa ya marehemu. Mimi na wifi tulituma unga. Mwaka wa tatu akaoa mjane wa kikwao, wakapata watoto. Mwaka ule wa fainali ukaisha. Niliacha kazi ya klabu nikaenda kupiga taipu kwenye ghala la tumbaku, na nikawaambia watu sababu ni mshahara.

Wiki tatu kabla hajafa, Rama alikuwa amelazwa hospitali ya Kitete. Nilikuwa namlisha uji kwa kijiko. Aliusukuma mkono wangu akasema, macho yapo darini, "Zuhura, mimi sikwenda kule kwa mapadre." Sikuelewa mara moja, ilikuwa miaka mingi. Akaendelea. "Kituo kilikuwa mwendo wa robo saa kutoka tulipolala. Nilitoka asubuhi mbili tofauti, nikafika kwenye kona, nikarudi. Ningempata ningemwambia nini? Mimi ni nani? Ni yule niliyekaa kwenye kiti cha mume wako?" Akalia. Nilimfuta uso kwa upande wa kanga, nikamlisha uji uliobaki mpaka ukaisha. Sikumwambia nimekusamehe. Hakuwa amenikosea mimi.

Basi siku ya maziko, baada ya chai, wanaume walipoanza kutawanyika na mkwe wa Melkiori aliyemsindikiza amekwenda kutafuta usafiri, nilitoka nyuma ya zile kanga. Wifi aliniita, sikugeuka. Nikakaa kwenye ukingo wa mkeka karibu na benchi lake.

"Shikamoo, kaka Melkiori."

"Marahaba, dada. Pole sana. Poleni nyote."

"Nina maneno mawili. La kwanza, kanuni ya tisa niliipiga asubuhi ile ile. Nilidanganya mbele ya watu."

Alitikisa kichwa polepole. "Hilo nilijua siku ile. Wino wako ulikuwa mbichi. Ulinipaka kidole." Akakiinua kidole cha kulia, kimepinda sasa kwa uzee. "Suruali yangu ile haikutoka doa mpaka imechakaa. Mke wangu wa sasa aliifua akachoka. Hilo, dada, lilikwisha."

"Halijaisha," nilisema.

"La pili?"

Nikamwambia la pili. Nilimwambia lote, kona, robo saa, asubuhi mbili, bila kumtetea kaka yangu na bila kumwongezea. Nikamwambia sijui kama Spesioza alikuwapo Kigoma au hakuwapo, na kwamba hakuna mtu wa kwetu anayejua, kwa sababu hakuna aliyeuliza. Kofia aliyokuwa ameiweka mapajani ilianguka chini. Hakuiokota. Nilidhani atalia au atanitukana, na nilikuwa tayari kwa vyote viwili, nilivitamani. Alilitazama lile pazia letu la kanga kama kuna kitu kimeandikwa.

"Kila mwezi wa Novemba," alisema mwishowe, "nakwenda parokiani, namwandikisha Spesioza kwenye orodha ya marehemu. Miaka yote, sijaruka hata mmoja." Akanigeukia. Hakuwa na hasira. Alikuwa ananiuliza kweli, kama alivyoniuliza juu ya kanuni ya nne, mimi mtu wa karatasi. "Novemba hii, dada, nimwandikishe wapi?"

Mkwe wake akaja, akaiokota kofia, akamwinua kwa kumshika kwapani, wakaondoka. Chai yake ilibaki kwenye benchi, imejaa.

Taipu sina siku hizi, nimeyaandika haya kwa mkono. Nitampelekea padri wa Ulyankulu nakala moja, na nyingine nitaibandika pale lilipokuwa baraza la klabu, ambapo sasa wanauza simu na hakuna atakayeisoma. Wenzangu wote wa kamati wamekufa, na nilikwenda kuwazika, na kwenye kila msiba nilisikia wakisifiwa. Basi nasema mimi niliyebaki. Kanuni zilikuwa nane. Kujipangia kulikuwa halali hadi mwisho wa mashindano. Ya tisa niliipiga mimi, asubuhi ya fainali, na wino wake haukuwa umekauka.